Nitajie Kitabu Kisicho na Upande

“Mtumishi, nitajie kitabu kimoja tu cha kujifunzia Biblia ambacho hakina upande.”

Kijana aliyeniuliza alimaanisha. Tulikuwa tumetoka kusoma Mathayo 16 kwenye kikundi, pale Yesu anapomwambia Petro, “juu ya mwamba huu nitalijenga kanisa langu,” na mjadala ulikuwa umepamba moto. Mama yake ni Mkatoliki. Baba yake ni mchungaji wa Kipentekoste. Kwao kuna vitabu viwili vya ufafanuzi, kila kimoja kina jibu kamili kuhusu mwamba ni nani, na majibu hayo hayapatani. Hakuwa akitafuta silaha ya kumshinda mzazi yeyote. Alitaka mtu wa tatu, asiye na maslahi, amweleze andiko linasema nini kisha aende zake.

Nilimwomba anipe muda.

Swali halikuniacha. Kwa wiki kadhaa, kila nilipochukua kitabu nilichokizoea nilijikuta nageuza kwanza jalada la nyuma: mwandishi alisoma wapi, kanisa gani lilimlea, nani kamchapishia. Kila mara nilikuta upande. Vitabu ninavyovipenda vina upande. Hata vile vinavyojitangaza kuwa vya historia tupu vinao, na nitafika huko.

## Mwamba na mashahidi wake

Nilianza na andiko lile lile lililotugawa. Mgawanyiko wenyewe sote tunaujua: Mkatoliki atasema mwamba ni Petro, Mprotestanti atasema ni imani aliyoikiri Petro, au ni Kristo mwenyewe. Nilitaka kujua kama wafafanuzi walioishi kabla ya farakano letu nao walijipanga hivyo.

Hawakujipanga hivyo.

Origen, katika karne ya 3, anaandika kwamba kila mwanafunzi anayemkiri Kristo kama Petro alivyomkiri, naye ni mwamba. Yohana Krisostomo, karne moja baadaye na zaidi, anasema kanisa limejengwa juu ya imani ya ungamo lile. Augustino alifundisha mwanzoni kwamba mwamba ni Petro, kisha mara nyingi akafundisha kwamba mwamba ni Kristo ambaye Petro alimkiri. Uzeeni, mnamo mwaka 427, alipokuwa akivipitia upya vitabu vyake, aliyataja maoni yake yote mawili, akamwachia msomaji achague lipi lina uwezekano mkubwa zaidi.

Nilikaa na hilo muda mrefu. Askofu huyu alikuwa na kila sababu ya kuufunga mjadala, na aliuacha wazi kwenye andiko ambalo sisi leo linatutenganisha mezani.

Kisha nikageukia zama zetu. Oscar Cullmann, Mprotestanti, alitoa mwaka 1952 kitabu kizima kuhusu Petro, na humo anahitimisha kwamba mwamba ni Petro mwenyewe, yule mtume, yule mtu. D. A. Carson, Mbaptisti, anakubali vivyo hivyo katika ufafanuzi wake wa Mathayo. Hakuna hata mmoja wao aliyehamia Roma. Cullmann anaonyesha waziwazi anapoachana na Wakatoliki: andiko linamhusu Petro, anasema, lakini halitaji warithi wake. Hatua ya kwanza anaikubali, ya pili anaikataa, na wewe msomaji unauona mpaka ulipo kati ya hizo mbili.

Utafutaji wangu ulibadilika hapo. Niliacha kumtafuta mwandishi asiye na upande, nikaanza kumtafuta yule ambaye hata nikijua upande wake siwezi kulibashiri jibu lake kabla sijafungua kitabu.

## Pale panapomuuma mwandishi

Kila mfafanuzi ana aya zinazomgharimu. Mwenye kufundisha kwamba mtu huokolewa kwa imani pekee ana Yakobo 2:24: “mwanadamu huhesabiwa haki kwa matendo yake, si kwa imani peke yake.” Mwenye kushikilia kwamba Maria alibaki bikira maisha yake yote ana Marko 6, ambapo ndugu zake Yesu wanatajwa kwa majina. Asiyekubali uungu wa Kristo ana Tomaso akisema, “Bwana wangu na Mungu wangu!” Anayefundisha kwamba aliyeokoka hawezi kupotea ana Waebrania 6, inayowaonya wanaoanguka baada ya kuonja kipawa cha mbinguni.

Siku hizi nikipata kitabu kipya cha ufafanuzi sianzi na utangulizi. Naenda moja kwa moja pale panapomuuma mwandishi. Akitoa sentensi moja na kukimbilia aya inayofuata, nimemjua. Akikaa hapo, akaeleza kwa nini aya ile ni nzito kwa watu wa kwao, akaweka hoja ya mpinzani kwa nguvu zake zote kabla ya kuijibu, namwamini hata nisipokubaliana naye.

Martin Luther ana nafasi ya pekee katika hili. Katika utangulizi wa Agano Jipya lake la Kijerumani la mwaka 1522 aliuita waraka wa Yakobo waraka wa majani makavu. Hitimisho lake silikubali kabisa. Lakini hakuupindisha Yakobo aseme asichosema. Aliona mgongano, akautamka mbele ya wasomaji wake. Wafafanuzi wengi waliomfuata wamekuwa wapole zaidi kuliko yeye, na wamefichaficha zaidi.

## Sauti iliyo pembeni ya andiko

Kuna upendeleo tunaousoma bila kujua tunausoma.

Biblia ya Geneva ya mwaka 1560 ilijaa maelezo pembeni. Kwenye Kutoka 1, wakunga wa Kiebrania wanapokaidi amri ya Farao ya kuwaua watoto wa kiume, maelezo yalisema ukaidi wao ulikuwa halali, ingawa yaliulaumu uongo wao. Mfalme James wa Uingereza hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Alilalamika mwaka 1604, na watafsiri wa Biblia iliyotoka mwaka 1611 wakaagizwa wasiweke maelezo pembeni, isipokuwa yale ya kufafanua maneno ya Kiebrania na Kigiriki.

Nani hapo hakuwa na upande? Walioandika maelezo walikuwa nao. Na aliyeyafuta alikuwa nao, kwa sababu ukimya ule ulimfaa mfalme.

Mwaka 1909 ikaja Biblia ya C. I. Scofield, iliyoweka maelezo ya mtu mmoja kwenye ukurasa mmoja na Maandiko, ikiigawa historia yote ya wokovu katika vipindi 7. Mafundisho mengi ya siku za mwisho tunayoyasikia hadi leo yalisambaa kwa njia hiyo, na nimekutana na waumini wazuri, wenye kumcha Mungu, ambao wangeapa kwamba mpangilio ule umo ndani ya Danieli au Ufunuo. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mwaka 4004 KK. Ni hesabu ya Askofu Mkuu James Ussher ya karne ya 17, lakini ilichapwa pembeni ya Mwanzo 1 kwa muda mrefu hivi kwamba watu wakadhani Musa ndiye aliyeiandika.

Hata Biblia isiyo na maelezo hata mstari mmoja ina sauti ya pembeni. Sura tunazotumia zinahusishwa na Stephen Langton wa karne ya 13. Aya za Agano Jipya ziliwekwa na Robert Estienne mwaka 1551. Vichwa vidogo vilivyokolezwa wino ni kazi ya wachapishaji. Fungua Waefeso 5. Aya ya 21 inawataka waumini wote wanyenyekeane. Aya ya 22 inawaambia wake wawatii waume zao. Katika baadhi ya nakala za Kigiriki za zamani kabisa aya ya 22 haina kitenzi chake. Inategemea kitenzi cha aya ya 21. Ni sentensi moja inayoendelea. Lakini matoleo mengi hukata hapo katikati na kuweka kichwa kipya kuhusu wake na waume, na msomaji anaanza kusoma kuanzia kwenye utii wa mke, yale ya kunyenyekeana yakiwa yamebaki juu, kwenye fungu jingine.

Kichwa kile hakina jina la mtu. Hakuna wa kumuuliza ni wa upande gani.

Ndiyo maana naanza na andiko lenyewe, kitabu kizima kwa mkao mmoja kinapowezekana, kabla sijamruhusu mtu yeyote kunieleza. Filemoni ina aya 25. Wagalatia inasomeka kwa muda mfupi kuliko mahubiri mengi.

## Vya bure vina umri

Watu wengi hujifunza kwa kile kilicho kwenye programu ya Biblia ya simu, na kile kilichomo mara nyingi ni cha bure. Tujiulize kwa nini ni cha bure.

Ufafanuzi wa Matthew Henry umo karibu kila programu kwa sababu haki zake za uchapishaji hazimhusu mtu tena. Ulianza kutoka mwaka 1708. Henry alifariki mwaka 1714 akiwa amefika Matendo ya Mitume. Kuanzia Warumi hadi Ufunuo kazi ilikamilishwa na wachungaji wenzake. Kwa hiyo ukisoma “Matthew Henry anasema” juu ya Warumi 9, anayesema ni mtu mwingine.

Namheshimu Henry. Ana jicho la kichungaji ambalo wataalamu wengi wa leo hawana. Lakini aliandika kabla Mfaransa Champollion hajayasoma maandishi ya kale ya Kimisri mwaka 1822, kabla mabamba ya udongo ya Ugarit, mji wa kale wa Siria, hayajafukuliwa kuanzia mwaka 1929, kabla magombo ya Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, hayajaonekana mwaka 1947 na kutupatia nakala ya Isaya yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Na alikuwa mchungaji Mwingereza wa Kiprotestanti. Tukimweka yeye na wenzake wa karne ya 18 na 19 kwenye simu ya kila mtu, tukawaacha Waorthodoksi, Wakatoliki, Wayahudi na Waafrika nje kwa sababu vitabu vyao vinauzwa, upande mmoja unageuka kuwa hewa tunayovuta. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Sheria za hakimiliki zimetuchagulia walimu.

Hata hivyo, vya bure vingine ni hazina. Kodeksi ya Sinai, nakala ya Biblia ya Kigiriki ya karne ya 4 iliyogawanyika kati ya London, Leipzig, Saint Petersburg na monasteri ya Mtakatifu Katarina, imewekwa mtandaoni tangu mwaka 2009. Yeyote anaweza kuona kwamba Marko inaishia 16:8 humo, ilhali Biblia zetu nyingi zinaendelea hadi aya ya 20. Nilipoiona picha ile kwa macho yangu sikuhitaji mtu aniambie nisitetereke wala nitetereke. Nilihitaji muda tu wa kuitazama.

## Na wasomi wa vyuo vikuu?

Wapo wanaoshauri kwamba ukitaka ukweli usio na upande, achana na makanisa, nenda kwa wanahistoria. Nilivutwa na ushauri huo, kisha nikasoma historia ya wanahistoria wenyewe.

Julius Wellhausen, jina kubwa kuliko yote katika uchunguzi wa Agano la Kale wa karne ya 19, aliichora dini ya Israeli kama mto uliokuwa na uhai wakati wa manabii, kisha ukakauka ndani ya sheria za makuhani baada ya uhamisho. Mwaka 1903 Solomon Schechter, msomi Myahudi, alisimama na kuuita uchunguzi wa namna hiyo chuki ya hali ya juu dhidi ya Wayahudi. Ilikuwa kauli kali. Lakini alikuwa ameona kwamba sayansi ile iliishia, kwa namna isiyoeleweka, palepale ambapo mahubiri ya Kiprotestanti yalikuwa yameanzia.

Kisha mwaka 1977 E. P. Sanders akafanya jambo ambalo lingepaswa kuwa la kawaida. Vizazi vya wafafanuzi vilikuwa vimewaeleza Wayahudi wa wakati wa Paulo kama watu wa kujikusanyia thawabu kwa matendo. Sanders aliyasoma maandishi ya Wayahudi wenyewe, ya marabi na ya Qumran, akaonyesha kwamba ndani yake neema ya Mungu ya kuwachagua Israeli inatangulia, na sheria inafuata. Wapo waliompinga, na baadhi wana hoja. Lakini baada yake ni vigumu kwa mwandishi makini kumchora Farisayo bila kwanza kumsikiliza.

Rudolf Bultmann, msomi Mjerumani wa Agano Jipya, aliuliza mwaka 1957 kama ufafanuzi usio na dhana za awali unawezekana. Jibu lake lilikuwa na pande mbili: ndiyo, ikiwa maana yake ni kutoyaamua matokeo mapema, hapana, ikiwa maana yake ni kuja na akili tupu, kwa kuwa hakuna mtu anayelijia andiko bila swali lake. Bultmann nina ugomvi naye kwingi. Hapa sina.

## Anayesemwa awepo

Mithali 18:17 inasema anayetangulia kujieleza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje amhoji. Tunaitumia kwenye ugomvi wa ndoa na wa mashamba. Sijui kwa nini hatuitumii kwenye rafu zetu za vitabu.

Kwa hiyo swali langu kwa kitabu chochote limekuwa hili: yule anayesemwa humu, angejitambua? Mkatoliki akisoma kilichoandikwa kuhusu Misa, atasema “naam, ndivyo tunavyoamini,” au atatikisa kichwa? Mwanamke akisoma ufafanuzi wa 1 Timotheo 2, ambapo wanawake wanaambiwa wajifunze kwa utulivu? Myahudi akisoma ufafanuzi wa Mathayo 23, ambapo Yesu anawakemea Mafarisayo?

Vitabu vilivyotengenezwa na watu waliolazimika kukaa pamoja hupita mtihani huo kwa urahisi zaidi. Mwaka 1973 wasomi wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti nchini Marekani, miongoni mwao padri Raymond Brown, walitoa kitabu kimoja kuhusu Petro katika Agano Jipya. Kila ukurasa ulipaswa kuvuka macho ya upande wa pili. Mwaka 2011 Amy-Jill Levine na Marc Brettler walihariri Agano Jipya lenye maelezo yaliyoandikwa na wasomi Wayahudi. Mwaka 2006 wasomi 70 wa Kiafrika, chini ya uhariri wa Tokunboh Adeyemo, walitoa ufafanuzi wa Biblia nzima katika juzuu moja. Huo una upande, ni wa kiinjili, na unausema. Lakini yanapokuja mambo ya mababu na uchawi hauyaandiki kama vitu vya watu wa mbali.

Hata matini ya Kigiriki wanayoitumia watafsiri wengi duniani ilipita njia hiyo. Kamati ya toleo la mwaka 1993 ilikuwa na Carlo Maria Martini, kardinali Mkatoliki. Johannes Karavidopoulos, Mwothodoksi wa Ugiriki. Bruce Metzger, Mpresbiteri wa Marekani. Pamoja na Kurt na Barbara Aland wa Ujerumani. Kila mmoja wao alikuwa na kanisa lake. Walipotofautiana walitoa hoja, na hoja zao zilichapishwa.

Nilipoyaeleza haya kwa mwenzangu mmoja wa huduma alinikatiza: “Nani ana muda wa kusoma vitabu vitatu kwa aya moja?” Ana haki. Mama mwenye watoto na kazi mbili hana muda huo. Mimi mwenyewe sifanyi hivyo kwa kila aya. Nafanya kwa aya zile ambazo ninakaribia kumhukumu mtu kwazo. Hizo si nyingi, na mtu anayehukumiwa anastahili jioni yangu moja.

## Hofu yenyewe

Nyuma ya swali la vitabu ipo hofu, nami naijua. Tunaogopa kwamba anayesikiliza pande zote ataishia bila upande, na asiye na upande ataishia bila imani. Nimeona ikitokea. Nimeona pia kinyume chake: mtu aliyelindwa asisikie sauti ya pili, akaisikia ghafla akiwa mtu mzima, mbali na kila aliyempenda, na yote yakaanguka siku moja kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba watakatifu nao walibishana.

Walibishana kweli. Katika Wagalatia 2 Paulo anampinga Petro ana kwa ana huko Antiokia. Yeronimo, aliyeitafsiri Biblia kwa Kilatini, alifundisha kwamba mitume wale walipanga tukio lile kwa faida ya wasikilizaji, kwamba karipio halikuwa la kweli moyoni. Augustino aliposoma hayo aliona hatari kubwa: tukikubali kwamba mtume aliandika jambo lisilo kweli kwa nia njema, ni aya gani itakayobaki salama? Akamwandikia. Barua zikapotea njiani, nyingine zikasomwa na watu wengine kabla ya kumfikia mwenyewe, Yeronimo akakasirika, akajibu kwa ukali na kwa orodha ndefu ya wafafanuzi waliomtangulia. Waliendelea kuandikiana kwa miaka mingi, na hakuna kati yao aliyemwita mwenzake asiyeamini.

Barua za pande zote mbili zipo, na zinapatikana. Nimemaliza za Augustino, na kwa sasa naona ana haki. Ile ndefu ya Yeronimo nimeifikisha nusu.